Ndege ya vita inayotua wima juu ya meli: sababu gani inaondoka kwa kukimbia?

Video ile inapita toka simu moja hadi ingine. Ndege ya vita inafika nyuma ya meli, inapunguza mwendo, inasimama hewani kama elikopta, inasogea kando kidogo, kiisha inashuka polepole mpaka matairi yake yanagusa chuma. Wanaoiona mara ya kwanza wanagawanyika. Wamoja wanasema ni bongo, ni kazi ya kompyuta. Wengine wanasema sasa mambo imeisha, ndege za wakubwa hazihitaji tena uwanja, zinaweza kupaa toka popote, hata toka kiwanja cha mpira.

Wote wanakosea. Ndege kama hiyo iko, na si ya jana: jeshi la Uingereza lilianza kuitumikisha mwaka wa 1969. Lakini video inaonyesha nusu moja tu ya safari, ile nusu ya kurudi. Mtu akitafuta nusu ya kwenda, ataona kitu kingine kabisa. Ndege ileile, ikiwa imebeba mafuta na makombora, inakimbia juu ya meli kwa nguvu yake yote, na kwenye meli nyingi, mwisho wa njia kuna mlima mdogo wa chuma unaoitupa juu. Kupaa wima inaweza, hilo si uongo. Lakini vitani haifanyi vile karibu hata siku moja. Sababu yake ni hesabu ya kilo, na hesabu hiyo imeokoa watu na imeua watu.

Hesabu ya kilo

Ndege ya kawaida haibebwi na moteri. Moteri inaisukuma mbele tu. Mabawa ndiyo yanaibeba, kwa upepo unaopita juu na chini yake. Ndio maana Antonov yenye mzigo inahitaji pisti ndefu: inatafuta mwendo, kusudi mabawa yaanze kazi. Nguvu ya moteri inaweza kuwa ndogo sana kuliko uzito wa ndege, na bado ndege itaondoka, mradi ipate mafasi ya kukimbia.

Ndege inayosimama hewani haina msaada huo. Haina mwendo, basi mabawa yake ni mzigo tu kama mizigo mingine. Kila kilo lazima ibebwe na moteri peke yake.

Tuchukue ile Sea Harrier ya Waingereza, jinsi ilivyokuwa mwaka wa 1982. Moteri yake, jina lake Pegasus, ilikuwa inasukuma kwa nguvu inayoweza kuinua kama tani 9 na nusu. Ndege yenyewe tupu ilikaribia tani 6 na nusu. Inabaki tani 3 hivi kwa mafuta, rubani, risasi na makombora, na hata hizo si zote, sababu rubani anahitaji nguvu kidogo ya akiba na upepo kidogo wa kushika ndege isipinduke. Lakini ndege hiyohiyo, ikipewa mafasi ya kukimbia, ilikuwa inaweza kuondoka na uzito wa karibu tani 12. Tofauti ya tani zaidi ya 2 njo mafuta ya kufika mbali, njo silaha za kwenda nazo. Ni kama kumwambia dereva wa kamyo kwamba anaweza kupanda mlima bila kuchukua mwendo, lakini kwanza ashushe nusu ya magunia. Mlima atapanda. Sokoni atafika na nini?

Wakati wa kurudi, hesabu inageuka. Mafuta yamechomwa, makombora pengine yametumika, ndege imekuwa nyepesi. Hapo kusimama hewani kunawezekana. Kwa hiyo kazi ya kila siku ya ndege hizi ni kupaa kwa kukimbia kidogo na kutua wima. Kupaa wima kunabaki kitu cha maonyesho, ama cha kuhamisha ndege bila mzigo.

Joto na urefu wa mahali vinaongeza shida. Hewa ya joto ni nyepesi, hewa ya milimani vilevile, na moteri inayokula hewa nyepesi inatoa nguvu ndogo. Goma iko kwenye meta kama 1,500 juu ya bahari. Huko hewa imepungua kwa kadiri ya asilimia 15 kuliko pwani. Ndege inayoshuka vizuri juu ya meli katika baridi ya Bahari ya Kaskazini ingeweza kushindwa kufanya hivyo Goma saa saba ya mchana, na moshi wake wa moto ungetoboa lami. Basi ile habari ya kiwanja cha mpira iachwe kando.

Mabomba manne na mguu uliovunjika

Nyuma ya vita kubwa ya pili, wataalamu wa inchi nyingi walijaribu kuunda ndege ya kupaa wima. Zingine zilisimamishwa kwa mkia kama roketi, na rubani akilala chali ndani. Zingine zilipewa moteri mbalimbali, mamoja ya kuinua na mamoja ya kusukuma mbele. Karibu zote zilikufa kwenye majaribio. Moteri ya kuinua inafanya kazi dakika chache tu. Safari yote iliyobaki inabebwa kama jiwe mfukoni.

Mfaransa mmoja, Michel Wibault, alileta wazo lingine katika miaka ya 1950: moteri iwe moja, lakini upepo wake ugeuzwe. Kampuni ya Bristol ya Uingereza ililichukua wazo hilo na kulirahisisha, na kampuni ya Hawker ikajenga ndege kuzunguka moteri hiyo. Pegasus ilikuwa na mabomba manne yanayozunguka, mawili upande huu, mawili upande ule. Ya mbele yanatoa upepo wa baridi wa feni. Ya nyuma yanatoa moshi wa moto. Rubani ana mkono mmoja wa ziada karibu na ule wa kuongeza moto. Akiuvuta, mabomba yote manne yanageuka pamoja, toka nyuma kwenda chini. Yakitazama nyuma, ndege inakwenda. Yakitazama chini, inasimama.

Inabaki shida ya kutopinduka. Ndege iliyosimama haina upepo juu ya mkia wala mabawa, basi usukani wa kawaida haushiki kitu. Kwa hiyo upepo kidogo unaibiwa toka moteri na kupelekwa kwa vibomba vidogo kwenye pua, kwenye mkia na kwenye ncha za mabawa. Rubani akisogeza usukani, vinapuliza upande unaotakiwa. Kuna pia tanki la maji, zaidi ya lita 200, ambayo yanapulizwa ndani ya moteri ili kuipoza wakati inasukumwa mpaka mwisho. Yanaisha kwa dakika moja na nusu hivi. Maji yakiisha na ndege bado ni nzito hewani, rubani hana mazungumzo marefu.

Tarehe 21 Oktoba 1960, kwenye uwanja wa Dunsfold kusini mwa Uingereza, ndege ya kwanza ya aina hiyo, P.1127, iliinuka kidogo ikiwa imefungwa kamba. Rubani, Bill Bedford, alikuwa na mguu kwenye plasta kwa sababu ya aksida ya gari. Tarehe 8 Februari 1963 huyohuyo Bedford aliishusha wima juu ya meli HMS Ark Royal, na huo ukawa mwanzo wa ndege hizi baharini.

Hata hivyo jeshi la anga la Uingereza halikuwaza meli hapo mwanzo. Liliwaza Ujerumani. Lilihofia kwamba vita na Warusi ikianza, viwanja vyote vya ndege vingepigwa saa za kwanza. Basi Harrier zilifichwa msituni na kufundishwa kupaa toka barabarani. Wakaaji wa Walikale pengine hawatashangaa: kule Kilambo, kipande cha barabara ya lami kilitumika kwa miaka kama pisti ya ndege ndogo zilizokuja kubeba kasiteriti.

Mlima wa chuma

Meli kubwa za Marekani zinazobeba ndege zina mashine ya mvuke ama ya umeme inayoirusha ndege kama manati, na kamba za chuma za kuikamata ikirudi. Meli ya namna hiyo ni ghali mno. Uingereza yenyewe ilishindwa kuendelea kulipa, na mwisho wa miaka ya 1970 iliondoa kazini ile ya mwisho. Ilibaki na meli ndogo, bila manati. Harrier ingeweza kutua juu yake bila shida. Swali lilikuwa kuondoka na mzigo.

Jibu lilitoka kwa afisa wa jeshi la majini, Doug Taylor, aliyekuwa akisoma kwenye chuo kikuu cha Southampton. Aliandika kwamba inatosha kukunja mwisho wa njia kuelekea juu. Ndege inakimbia, inapanda ule mgongo, inatupwa hewani kama jiwe. Inapoacha meli, mwendo wake bado hautoshi kwa mabawa peke yake. Lakini imetupwa juu, haijaanza kuanguka, na sekunde chache hizo zinatosha: mabomba yanabeba sehemu moja ya uzito, mabawa sehemu ingine, mwendo unaongezeka, kiisha rubani anageuza mabomba nyuma kidogo kidogo. Majaribio ya kwanza yalifanyika nchi kavu mwaka wa 1977. Ule mlima hauna moteri, hauna mvuke, hauharibiki. Ni chuma kilichokunjwa tu.

Meli HMS Invincible ilipewa mlima wa digrii 7, HMS Hermes ulio mkali zaidi, wa digrii 12. Na mambo ingeishia hapo, katika vitabu vya wahandisi, kama si visiwa fulani vya baridi karibu na mwisho wa dunia.

Siku 74

Tarehe 2 Aprili 1982, jeshi la Argentina liliingia katika visiwa vya Falkland, ambavyo Waargentina wanaviita Malvinas. Viko kama kilometa 500 toka pwani ya Argentina, na karibu kilometa 13,000 toka Uingereza. Uingereza haikuwa na uwanja wowote karibu. Wiki chache mbele ya hapo serikali yake ilikuwa imekubali kuiuzia Australia meli ya Invincible, ikiona haina kazi nayo tena. Sasa Invincible na Hermes ziliondoka Portsmouth tarehe 5 Aprili, zikiwa na Sea Harrier 20 jumla. Argentina ilikuwa na ndege za vita zaidi ya 100, na kati yake mlikuwa Mirage zinazokimbia kuliko sauti, kitu ambacho Harrier haikuweza.

Watu mingi, hata Uingereza, waliona ni kama kutuma teksi kwenda kushindana na magari ya mbio. Tarehe 1 Mei vita ya hewani ilianza. Siku ile mwandishi wa BBC Brian Hanrahan alikuwa ndani ya Hermes. Alikatazwa kutaja idadi ya ndege zilizokwenda kupiga mabomu, basi akawaambia wasikilizaji kwamba alizihesabu zikitoka zote, na akazihesabu zikirudi zote. Hakuna siri iliyotoka, na kila mtu nyumbani alielewa.

Vita ilipoisha tarehe 14 Juni, Sea Harrier zilikuwa zimeangusha ndege 20 hivi za Argentina, na hakuna hata moja iliyoangushwa na ndege ya adui. Sita zilipotea: mbili kwa mizinga na makombora ya nchi kavu, ine kwa aksida. Sababu ya ushindi huo haikuwa ile ya kusimama hewani, ingawa magazeti yalipenda kuandika hivyo. Zilikuwa na kombora jipya la Marekani, marubani waliofundishwa vizuri, na ndege za Argentina zilifika zikiwa mwisho wa mafuta yao, na dakika chache tu za kupigana kabla ya kurudi nyumbani.

Pale ambapo kutua wima kulisaidia kweli ni mahali pengine: hali ya hewa. Bahari ile ya kusini katika mwezi wa tano ina ukungu mzito na mawimbi ya kupandisha meli juu na kuiangusha. Ndege ya kawaida lazima ifike kwenye meli kwa mwendo mkali na kushika kamba. Ikikosa, inajaribu tena, kama mafuta yangaliko. Harrier ilikuwa inasimama kwanza kando ya meli, inangoja wimbi, kiisha inashuka. Marubani wake walikuwa na msemo wao, kwamba kusimama halafu kutua ni afadhali kuliko kutua halafu kutafuta namna ya kusimama. Siku ambazo meli kubwa ingefunga kazi, hizi ndogo ziliendelea.

Faida ya pili ilikuwa mafasi. Ndege zaidi zilisafirishwa juu ya Atlantic Conveyor, meli ya biashara ya kubeba makontena ambayo haikujengwa kwa ndege hata kidogo. Harrier 14 ziliondoka juu yake na kuhamia kwenye meli za vita, moja moja. Zilikuwa na bahati: tarehe 25 Mei meli hiyo ilipigwa na kombora la Exocet, na watu 12 wakafa. Elikopta kubwa za Chinook zilizobaki ndani ziliungua, ila moja iliyokuwa hewani. Askari waliopaswa kubebwa na elikopta hizo walivuka kisiwa kwa miguu, na mizigo mgongoni.

Lakini hesabu ya kilo haikulala. Kwa kuogopa Exocet, Hermes na Invincible zilikaa mbali mashariki ya visiwa. Kila Sea Harrier ilichoma mafuta mingi kufika tu, na ilibaki na dakika chache za kulinda askari mbele ya kurudi. Ili kuongeza dakika hizo, wahandisi walitandika mabati ya chuma kwenye nyasi karibu na San Carlos, pisti fupi ambako ndege ziliweza kushuka na kuongeza mafuta. Ilianza kazi tarehe 5 Juni. Tarehe 8 Juni, Harrier moja ilipoteza nguvu ikitua, ikagonga na kuharibu mabati. Pisti ikafungwa kwa masaa. Siku ileile ndege za Argentina zilikuta meli Sir Galahad na Sir Tristram huko Fitzroy, askari wakiwa bado ndani. Juu ya Sir Galahad peke yake walikufa watu 48. Hakuna anayeweza kusema kwa hakika kwamba Sea Harrier chache zaidi hewani zingebadilisha jambo. Lakini mafuta yaliyokosekana siku ile yalikuwa sehemu ya kisa.

Vita nzima ilichukua maisha ya Waargentina 649, Waingereza 255 na wakaaji 3 wa visiwa. Invincible haikuuzwa tena kwa Australia.

Rubani juu ya kontena

Mwaka mmoja baadaye, tarehe 6 Juni 1983, rubani mwanafunzi Ian Watson, umri wa miaka 25, aliondoka toka HMS Illustrious kwa mazoezi mbele ya pwani ya Ureno. Redio yake iliharibika, vyombo vya kuonyesha njia vilevile. Alipotafuta meli yake aliona paka maji. Mafuta yakaanza kuisha. Alielekea njia ya meli za biashara, akaona moja: Alraigo, ya Wahispania, imebeba makontena, inakwenda Tenerife.

Kwanza alitaka kujitupa karibu yake na parachuti, kusudi waone na kumuokota. Kiisha akaona kwamba juu ya makontena kuna mafasi ya sawasawa. Akashusha ndege pale. Chuma kilikuwa na unyevu. Ndege iliteleza nyuma, ikakalia gari dogo la mizigo ambalo mwenye duka la maua wa Tenerife alikuwa analisubiri. Kapiteni hakugeuza meli. Siku ine baadaye, Alraigo iliingia bandarini Santa Cruz ikiwa na ndege ya vita ya Uingereza mgongoni, na waandishi wa habari wakiwa wamejaa. Serikali ya Uingereza ililipa pauni zipatazo 570,000 kwa wenye meli na wafanyakazi wake, sababu kufuatana na sheria za bahari walikuwa wameokoa mali. Ndege ilitengenezwa na kurudi kazini. Leo iko kwenye makumbusho ya Newark, Uingereza.

Bei iliyolipwa na marubani

Harrier ilikuwa ngumu kuendesha. Kati ya kuruka kwa mabawa na kusimama kwa moteri kuna kipindi kidogo ambapo hakuna kimoja kinachobeba vizuri. Upepo wa kando ukiikamata hapo, ndege inaweza kulala ubavu haraka kuliko mkono wa mtu. Na moteri ni moja: ikizimika ndege ikiwa imesimama, inaanguka kama jiwe. Kikosi cha Marine cha Marekani, ambacho kilizinunua tangu 1971, kililipa kwa damu. Uchunguzi wa gazeti la Los Angeles Times uliotoka mwaka wa 2002 ulihesabu wanajeshi 45 waliokufa katika aksida zisizo za vita, na uchunguzi huo ulipewa tuzo la Pulitzer.

Warusi walijaribu na ndege yao, Yak-38, juu ya meli za aina ya Kiev. Walirudi kwenye njia ile ya zamani ya moteri mbalimbali: moteri mbili ndogo nyuma ya rubani kwa kuinua tu, na moja kubwa kwa safari. Ilibeba silaha kidogo, haikufika mbali, na katika bahari za joto ilipata shida zaidi. Kiti chake kilikuwa na akili ya kumtupa rubani nje chenyewe ndege ikianza kupinduka, bila kumngoja aamue. Wenye kuiunda walijua walichokuwa wanaunda. Miaka ya 1990 ilipoanza, iliondolewa.

Leo: feni nyuma ya rubani

Ndege inayoonekana kwenye video nyingi za siku hizi si Harrier. Ni F-35B ya Marekani. Ina moteri moja nyuma, ambayo bomba lake linajikunja kuelekea chini, na feni kubwa iliyolala nyuma ya kiti cha rubani. Ufito mrefu unatoka kwenye moteri na kuzungusha feni hiyo kwa nguvu ya farasi zaidi ya 25,000. Kwa pamoja vinainua kama tani 18. Kompyuta inashika usawa. Kile kilichoua marubani wa Harrier, hapa mashine inakifanya yenyewe.

Lakini kilo hazikubadilika. F-35B tupu ina tani karibu 15, na ikijaa inafika tani 27. Kwa hiyo nayo inaondoka kwa kukimbia. Safari hii hata kurudi kumekuwa na shida: kama rubani hakutumia mabomu yake, anaweza kuwa mzito kupita kiasi kwa kutua wima, na bomu la bei kali lingetupwa baharini. Ndio maana Waingereza walijaribu tangu Oktoba 2018, juu ya HMS Queen Elizabeth, namna ya katikati: ndege inafika polepole lakini haisimami, mabawa yanasaidia kidogo, kiisha inashika breki juu ya meli.

Ule mlima wa chuma nao haukosi siku zake. Tarehe 17 Novemba 2021, katika Bahari ya Mediterania, F-35B moja ya Uingereza ilikimbia kuelekea mlima, ikakosa nguvu, ikaanguka mbele ya meli kama gari linaloteleza mtoni. Kifuniko cha kuzuia uchafu kilikuwa kimesahauliwa ndani ya mdomo wa moteri. Rubani alijirusha na kupona. Ndege ya aina hiyo inagharimu zaidi ya dola milioni 100.

Hata hivyo inchi zinaendelea kuzitaka, sababu zinageuza meli ya kawaida kuwa uwanja wa vita unaotembea. Italia inazo juu ya meli Cavour. Japani, ambayo kwa miaka mingi ilijikataza meli za ndege, imetengeneza upya Izumo na Kaga kwa ajili yake. Na hazikai mbali na Afrika. Mwaka wa 2016, Harrier za Marine toka meli USS Wasp zilipiga mabomu Sirte, Libia. Mwisho wa 2020 na mwanzo wa 2021, wakati Marekani ilikuwa inaondoa askari wake Somalia, F-35B zilikuwa juu ya USS Makin Island mbele ya pwani ile, bila kuomba uwanja wa inchi yoyote jirani.

Uingereza yenyewe iliacha Harrier ghafula mwezi wa Desemba 2010, ili kupunguza matumizi, na kuuza 72 kwa Marekani kama vipuri. Hermes, ile meli ya digrii 12, ilikuwa imeuzwa India zamani, ikaitwa Viraat na kubeba Sea Harrier kwa karibu miaka 30. Ilikatwa vyuma vikuukuu kwenye ufuko wa Alang.

India hiyohiyo ilipata mgeni mwingine hivi karibuni. Tarehe 14 Juni 2025, F-35B ya Uingereza iliyotoka kwenye HMS Prince of Wales ilishindwa kurudi kwenye meli yake, ikaomba kutua uwanja wa raia wa Thiruvananthapuram, katika jimbo la Kerala. Kisha ikaharibika palepale. Ilinyeshewa na mvua, ikalindwa na askari, na idara ya utalii ya Kerala ikatoa tangazo la mzaha kwamba hata ndege imekataa kuondoka. Wahandisi walikuja toka Uingereza na vyombo vyao. Nyuma ya zaidi ya wiki tano ilipona, na asubuhi ya tarehe 22 Julai iliondoka kuelekea Australia, ikikimbia kwenye pisti kama ndege ingine yoyote.